Shtaka la Dalali wa Nyumba: Habari za Mwanza na Kando za Ziwa

Neno dalali lilifika kando ya Ziwa la Viktoria kabla ya nyumba za kupangisha kuwako huko. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mtu aonyeshaye njia, yaani amwongozaye mwingine mpaka kwenye kitu anachokitafuta. Pwani, tangu zamani, jina hili moja lilibeba watu wawili. Wa kwanza alikuwa mnadi, asimamaye mbele ya watu na kutangaza mali kwa sauti kuu mpaka bei isimame. Wa pili alikuwa mpatanishi wa bei, aendaye kwa muuzaji kisha kwa mnunuzi, na kazi yake haikuwa ya kupaza sauti bali ya kunong'ona. Kamusi ya Johnson iliyotoka mwaka 1939 yawaweka wote wawili katika fungu moja, pamoja na wakala na mvutaji wa wateja. Msemaji wa Kiswahili hakupata taabu yoyote kwa jambo hilo, maana kila aliposema dalali, mazungumzo yenyewe yalionyesha ni yupi. Taabu ilianza pale sheria ilipokuja ikamshika mmoja na kumwacha mwenzake. Habari inayofuata ni ya yule aliyeachwa, na ya watu wa Mwanza waliotaka kumshtaki wasijue wabishe mlango gani.

Isidhaniwe kwamba watu wa kale hawakuona hatari ya kazi hii. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo makadhi wa pwani waliihukumu kwa madhehebu ya Shafii, dalali huhesabiwa kuwa mtu wa amana: mali iliyo mkononi mwake si yake, na akiipoteza kwa uzembe hulipa. Imepokewa katika hadithi katazo kwamba mtu wa mjini asimuuzie mtu wa shamba aliyekuja na mali yake sokoni. Na wanazuoni wameeleza kwamba makusudio yake ni mwenyeji asijifanye dalali wa mgeni asiyejua bei. Kadhalika limekatazwa lile jambo la kupandisha bei kwa hila, pale mtu asiye na nia ya kununua anapotaja bei kubwa ili kumvuta mnunuzi wa kweli. Katika miji mikubwa ya Kiislamu, kama Kairo, palikuwako na afisa wa soko, muhtasib, aliyekagua vipimo na mizani na mwenendo wa madalali pia, na mtu aliyedhulumiwa aliweza kumwendea moja kwa moja. Pwani ya Afrika ya Mashariki cheo hicho hakikukaa kwa namna hiyo. Malalamiko juu ya dalali yalipelekwa kwa kadhi au kwa liwali kama madai mengine yoyote ya mali. Basi neno lilisafiri kwenda bara, walakini msimamizi wake hakusafiri nalo.

Liliingia bara kwa njia ya misafara, kupitia Tabora hadi upande wa kusini wa Ziwa. Stanley alipofika Kageyi mwaka 1875, alimkuta huko mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Songoro, mwenye kufanya biashara baina ya Usukuma, Ukerewe na Buganda. Mtu huyu hakuitwa dalali wa nyumba, wala hapakuwa na nyumba ya kuuza. Lakini kisa chake chafaa kutajwa. Wamisionari wa Kianglikana walinunua kwake jahazi lililokuwa likijengwa Ukerewe, na Lukonge, mtawala wa kisiwa hicho, akadai kwamba haki yake katika chombo hicho haijalipwa. Waliokuwa wamelipa walidhani wamenunua kitu kizima, kumbe wamenunua na ugomvi uliomo ndani yake. Mwezi wa Desemba 1877 Songoro aliuawa pamoja na wamisionari wawili, Smith na O'Neill. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi, wala si haki kuzitia zote katika jahazi moja. Hata hivyo mtu asomaye malalamiko ya viwanja vya Mwanza ya miaka mia moja na ishirini baadaye ataitambua sura ile: fedha zimetolewa kwa aliyesimama katikati, na nyuma yake ametokea mwenye haki ambaye hakuulizwa.

Ardhi ya Wasukuma wakati ule haikuwa na dalali kwa sababu haikuwa na bei. Mgeni aliyetaka kulima alimwendea ng'wanangwa, mkuu wa kijiji chini ya ntemi, akaonyeshwa mahali. Na akihama, ardhi ilirudi kwa kijiji. Aliyeonyesha njia na aliyekuwa na mamlaka ya kutoa walikuwa mtu mmoja, na kama alifanya upendeleo, ntemi alikuwapo wa kuambiwa. Upande wa magharibi, katika Buhaya, mambo yalikuwa tofauti, maana kule mashamba ya migomba na kahawa yalianza kununuliwa na kuuzwa mapema. Mwanza mjini ulikuwa ulimwengu mwingine tena. Wajerumani walijenga boma lao hapo katika miaka ya 1890, na baada ya reli ya Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, meli za Ziwa zikaufungulia mji huu mlango wa biashara. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza yenyewe. Ndani ya mipaka ya mji, ardhi ilipimwa ikawa viwanja, na viwanja vikatengwa kwa desturi ya miji ya Tanganyika, yaani Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mtu aliyeshuka melini kutoka Bukoba au Musoma, au aliyetembea kwa miguu kutoka Kwimba kutafuta kazi katika vinu vya pamba, hakuwa na ng'wanangwa wa kumwonyesha mahali pa kulala. Alihitaji mtu ajuaye ni nyumba ipi Uswahilini ina chumba kitupu. Hapo ndipo dalali wa nyumba alipopata kazi, na alipoanza kulaumiwa.

Waingereza walikuja na sheria mbili zilizomgusa, kila moja kwa njia yake. Ya kwanza ilikuwa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika Tanganyika tangu 1920 na ambayo maneno yake mengi yalirithiwa na sheria ya mikataba ya nchi yenyewe ya mwaka 1961. Sheria hii ina sura nzima juu ya wakala. Yasema kwamba wakala hana budi kutoa hesabu kwa aliyemtuma; kwamba akifanya biashara yake mwenyewe kwa siri ndani ya kazi aliyotumwa, mwenye mali anaweza kuikataa au kudai faida iliyopatikana; na kwamba wakala aliyefanya uovu katika kazi hapati ujira kwa sehemu ile aliyoiharibu. Kwa kweli hayo ni maadili, ijapokuwa hayakuitwa hivyo. Lakini itazamwe vema: wajibu wote huo ni wa wakala kwa yule aliyemtuma. Na dalali wa nyumba wa Mwanza alitumwa na nani? Mwenye nyumba amemwambia atafute mpangaji. Mpangaji amemwambia atafute chumba. Aghalabu hakuna karatasi iliyoandikwa. Na mwisho mpangaji ndiye alipaye, wakati mwingine na mwenye nyumba pia. Mwanasheria akiulizwa huyu ni wakala wa nani, itambidi aulize maswali kumi kabla ya kujibu. Mpangaji aliyedhulumiwa hujibu mara moja kwamba ni dalali wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa. Pengo lililo baina ya majibu hayo mawili ndilo lililomeza mashtaka mengi.

Sheria ya pili ilikuwa ya wanadi, ambayo imebaki katika vitabu vya sheria za Tanzania kama Sura ya 227. Hii ilimtaka anayeuza kwa mnada awe na leseni na afuate utaratibu uliowekwa. Ni wazi kwamba serikali ilimwona mnadi kuwa mtu wa hatari, kwa sababu mali za wadaiwa zilipita mikononi mwake, na kwa sababu alifanya kazi yake mbele ya watu wote na hivyo alionekana. Mnong'onaji hakuonekana. Kiswahili kiliendelea kuwaita wote wawili dalali, na kwa hiyo mtu wa kawaida alipoambiwa kwamba madalali wana leseni, aliamini kwamba na huyu aliye chini ya mwembe anayo. Ni nadra kwa neno moja kumdhuru mtu kiasi hiki kwa sababu tu ya upana wa maana yake.

Wakati huohuo, jambo jingine lilikuwa likitendeka nje ya mji, ambalo lafaa kupimwa kando ya hili. Wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe walikuwa na malalamiko makubwa juu ya wanunuzi wa kati, hasa juu ya mizani. Mkulima alileta pamba yake, mnunuzi akapima, na mkulima asiyejua kusoma mizani alipokea alichopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya mnunuzi. Paul Bomani, aliyekuwa karani wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alikuwa katika uongozi wa jambo hilo, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Viktoria, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Fadhila ya kisa hiki haiko katika ukubwa wa shirika, ambalo nalo lilipatwa na lawama zake baadaye. Iko katika mizani. Udanganyifu wa mnunuzi wa pamba ulikuwa na kipimo: kulikuwa na ratili zilizoandikwa na ratili za kweli, na jicho la pili liliweza kuona tofauti. Dalali wa nyumba huuza habari tu. Husema chumba kiko, kodi ni kiasi fulani, mwenye nyumba ni mtu fulani, kiwanja hakina mgogoro. Uongo wake haupimwi siku anaposema. Hudhihirika mwezi mmoja baadaye, fedha zimekwisha kuliwa.

Baada ya uhuru, serikali ilitazama zaidi nyumba kuliko mtu aliyesimama mlangoni pake. Sheria za kudhibiti kodi, zilizoanza wakati wa ukoloni na kuendelezwa mwaka 1962 na tena mwaka 1984, ziliweka mabaraza ya kusikiliza mashauri ya wenye nyumba na wapangaji, na zilipiga marufuku malipo ya pembeni aliyotozwa mpangaji ili apewe chumba. Malipo hayo Kiswahili kiliyaita kilemba, neno ambalo awali lilikuwa la heshima, zawadi apewayo fundi na mwanafunzi wake anapohitimu. Likaja likashuka mpaka kwenye fedha za kununulia ufunguo. Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambayo mengi yalikuwa ya raia wenye asili ya Asia, yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na katikati ya mji wa Mwanza mwenye nyumba akawa ofisi. Mwaka 1990 kazi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwa limeundwa mwaka 1962. Katika nyumba hizo dalali hakuwa na nafasi kwa sheria. Kama alikuwako, alikuwako kwa siri, na anayelipa kwa siri hana mahali pa kulalamika. Siasa ya wakati ule nayo ilimtaja mtu wa kati kwa majina makali. Aliitwa kupe, mnyonyaji, mlanguzi. Na katika vita vya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, jina mlanguzi lilitosha kumtia mtu hofu. Lakini kumlaani mtu wa kati kwa jumla si sawa na kuwapa watu njia ya kumshtaki mmoja kwa jambo alilolitenda. Dalali mwaminifu na dalali mwizi walipata laana ileile, na yule mwizi hakupoteza kitu zaidi ya mwenzake.

Tena kulikuwa na kizuizi kilichofichika ndani ya sheria ya ardhi yenyewe. Kwa miaka mingi msimamo ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei. Kinachouzwa ni maendelezo yaliyo juu yake, yaani nyumba, msingi, miti, mazao. Watu waliuziana viwanja hata hivyo, na hati zao zikasema wameuziana msingi au mikorosho mitatu. Mnunuzi aliyedanganywa na dalali katika biashara ya namna hiyo alikuwa na kigugumizi cha haki, kwa kuwa ili aeleze namna alivyodhulumiwa ilimbidi kwanza aeleze kwamba alikuwa akinunua kitu ambacho hati yake haikukitaja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ndiyo iliyokiri waziwazi kwamba ardhi ina thamani.

Ilikuja wakati Mwanza yenyewe inafurika. Viwanda vya minofu ya sangara vilivyojengwa katika miaka ya 1990 viliita watu kutoka visiwani na kutoka nchi jirani. Mwaka 2000 mji ukapewa hadhi ya jiji, na mwaka 2012 Ilemela ikawa manispaa yake. Nyumba zilipanda vilima vya mawe vya Igogo, Mabatini na Kirumba, juu ya majabali ambayo mpima ardhi hakuwahi kuyawekea bikoni. Sehemu kubwa ya makazi hayo haina namba ya kiwanja, na anayetafuta chumba hawezi kukipata kwa ramani. Aipate njia kwa nani, kama si kwa aonyeshaye njia? Maana ya kwanza ya neno imerudi hapo kwa ukamilifu wake. Kibao kimepigiliwa mtini, kimeandikwa dalali kwa rangi, na namba ya simu chini yake. Kando yake benchi, ambalo ndilo ofisi.

Desturi iliyoenea ni kwamba mpangaji humlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, mbali na miezi sita au kumi na miwili ambayo mwenye nyumba huitaka mbele. Na kabla ya yote hulipa ada ndogo ya kuonyeshwa vyumba, ambayo hairudishwi hata kama hakupenda kimoja. Katika desturi hiyo hakuna uovu wa asili, maana mtu amepoteza siku yake akipanda vilima. Malalamiko huzaliwa pembeni yake. Chumba kimoja huonyeshwa watu watano, na wote wakalipa ada, ilhali kilikwisha kupangishwa juma lililopita. Kodi hutajwa zaidi ya ile mwenye nyumba aliyoitaka, na ziada hubaki katikati. Kiwanja cha marehemu huuzwa na ndugu mmoja pasipo wenzake kujua, na dalali aliyeijua habari hiyo hunyamaza kwa sababu ujira wake unangoja saini. Anayeumia zaidi ni mgeni: mwalimu aliyehamishiwa mjini kutoka Ukerewe, mjane aliyeuza ng'ombe ili apate kiwanja karibu na shule. Walichonacho ni fedha za mara moja. Wakizipoteza, hawana za pili.

Mtu huyo huenda wapi? Kwa kawaida huanza kwa mwenyekiti wa mtaa, mrithi wa balozi wa nyumba kumi katika kazi ya kupatanisha, ambaye pengine muhuri wake ndio uliogongwa katika hati ya mauziano. Asiporidhika huenda polisi, na huko shtaka lake hugeuka kuwa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Ni lazima basi ithibitishwe kwamba dalali alijua uongo wake tangu mwanzo, naye hujibu kwamba yeye pia alidanganywa na mwenye nyumba. Akienda kwenye vyombo vya ardhi vilivyowekwa na sheria ya mwaka 2002, atakuta ngazi kamili: baraza la kijiji, baraza la kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi hukumu tena katika mashauri hayo, hupatanisha tu. Ngazi hii imejengwa kwa ajili ya migogoro ya ardhi. Mtu anayedai kodi ya mwezi mmoja aliyompa dalali kwa chumba kisichokuwako hagombei ardhi na yeyote, na ana hatari ya kuambiwa kwamba dai lake ni la fedha, alipeleke Mahakama ya Mwanzo. Huko litapokewa, likiitwa deni.

Yafaa kuangalia yaliyotokea kwa neno njiani. Alipotoka nyumbani mlalamikaji alisema amedhulumiwa. Kwa mwenyekiti jambo likawa kutoelewana. Polisi likawa utapeli, mbele ya baraza likawa si mgogoro wa ardhi, na mahakamani likawa deni. Katika majina hayo yote hakuna hata moja lililouliza swali ambalo yeye alilikusudia, nalo ni kama mtu huyu anastahili kuendelea na kazi ya udalali. Swali hilo halikuwa na mwenye kulijibu. Leseni ya biashara, kwa dalali aliyeikata, ni jambo la mapato, haiulizi mwenendo. Sheria ya mwaka 2016 iliwawekea wathamini bodi na daftari la usajili, na mthamini akikosa huweza kufutwa humo. Dalali wa nyumba, ambaye katika mitaa ya Mwanza hutaja thamani ya nyumba mara nyingi kuliko mthamini, hakuandikwa katika daftari hilo.

Na hapa upana wa neno warudi kwa kejeli. Yuko dalali mmoja nchini Tanzania ambaye anaweza kushtakiwa kwa mwenendo wake: dalali wa mahakama. Huyu ndiye akamataye na kunadi mali kwa amri ya hakimu. Kanuni zilizotungwa mwaka 1997, na nyingine zilizochukua mahali pake mwaka 2017, zaeleza namna ya kumteua, ujira wake, na kamati ya kumwadhibu akienda kinyume. Mtu ambaye nyumba yake imenadiwa kwa hila ana mahali pa kupeleka barua. Jirani yake, aliyelipishwa kwa nyumba isiyokuwako, alitapeliwa na mtu mwenye jina lilelile, na hana. Mgawanyo ule wa zamani baina ya mwenye kupaza sauti na mwenye kunong'ona haujaondoka. Umeandikwa upya tu.

Kando ya Ziwa hilohilo, upande wa Kenya, njia nyingine ilichukuliwa. Sheria ya mwaka 1984 iliunda bodi ya kuwasajili mawakala wa majumba, ikafanya kuwa kosa kuifanya kazi hiyo bila kusajiliwa, na ikaipa bodi uwezo wa kumfuta aliyekosa. Ni kweli kwamba Kisumu, kama Mwanza, ina watu wengi wafanyao kazi hiyo nje ya daftari. Lakini mlalamikaji wa huko ana swali la kwanza la kuuliza, nalo ni kama mtu huyu amesajiliwa. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1979. Marekani walianza kwa njia ya chama: chama cha mawakala wa majumba kiliundwa Chicago mwaka 1908, na mwaka 1913 kikaandika kanuni za maadili kwa wanachama wake. Anayelalamika hupeleka shtaka kwa chama cha mahali pale, kamati hulichuja, na likistahili husikilizwa na jopo. Adhabu zaweza kuwa barua ya karipio, masomo ya lazima, faini, au kufukuzwa. Wengi hawajui kwamba shtaka la maadili la namna hiyo halimrudishii mlalamikaji fedha zake. Anayetaka fidia hana budi kufuata njia nyingine. Shtaka la maadili hufunguliwa kwa ajili ya mteja ajaye, ambaye mlalamikaji hamjui.

Tofauti hiyo yaeleza kwa nini njia ya Mwanza, yenye wema wake mwingi, haikuacha kumbukumbu. Mwenyekiti wa mtaa ni mpatanishi mzuri. Humwita dalali, humtia aibu mbele ya wazee, na mara nyingi nusu ya fedha hurudi, pengine zote. Hapo mlalamikaji husema yamekwisha, naye ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa kodi inamngoja. Hakuna kilichoandikwa. Mwenyekiti wa Kitangiri hajui yaliyosuluhishwa Igoma, na aliyepatanishwa Igoma huhamisha benchi lake hadi Buhongwa. Wapimaji wa pamba wa miaka ya 1950 waliandika ratili katika vitabu, na vitabu hivyo ndivyo vilivyofanya malalamiko ya mkulima mmoja kuwa hoja ya wakulima wote. Suluhu ya mtaani humponya mtu mmoja kwa wakati, ikaanza upya kwa anayefuata.

Katika miaka ya 2010 na baadaye Wizara ya Ardhi ilizungumza habari za kutunga sheria ya kusimamia biashara ya majumba pamoja na madalali wake. Watungaji wake watakutana na swali la wanalugha kabla ya la wanasheria, yaani sheria hiyo itamwita mtu huyu nani. Wakimwita wakala, watakuwa wamekwisha kujibu kwamba ametumwa na mmoja, na mpangaji alipaye atabaki nje. Wakimwita dalali, watarithi mnadi na mnong'onaji pamoja. Mitaani watu hawakungoja. Wenye ofisi zenye milango ya vioo huandika wakala wa nyumba na viwanja, na jina dalali wamewaachia wa mabenchi. Vijana nao wameleta winga, neno la uwanja wa mpira, kwa mtu akimbiaye pembeni na kumpasia mwenye duka mteja. Jina jipya lina faida moja kwa mwenye kulitumia, kwamba halimo katika sheria yoyote.